Wiki Yetu ya Unguja, Hapa Hapa Matema

Jumamosi, alasiri. Matema.

Upepo umeamka tangu saa nne na Ziwa Nyasa limechafuka kidogo, lakini jua ni la kirafiki, lile la Julai lisilomwonea mtu. Milima ya Livingstone iko nyuma yetu, imejifunika wingu. Nimekaa kibarazani pa chumba chetu, miguu mitupu mchangani. Mume wangu, Baba Tumaini, amelala kwenye kiti pembeni yangu, mdomo wazi, na sina haraka ya kumwamsha.

Shajara, siku sita sijakuandikia. Sababu ni nzuri: nilikuwa na kazi ya kutofanya chochote, na niliifanya kwa bidii zote.

Ila leo lazima niandike, maana leo tumekamatwa.

Uongo wetu ulianza ukiwa ukweli, naomba hilo lieleweke. Mwezi wa tatu tulikubaliana kwamba likizo hii tungekwenda Unguja. Ni likizo ya kwanza ya sisi wawili peke yetu tangu tuoane, na tumeoana miaka kumi na tisa. Tumaini yuko chuo, mdogo wake amekwenda kwa dada yangu Kondoa. Kwa hiyo mama mkwe alipopiga simu kutoka Bujonde kuuliza mwaka huu tunafika lini kuvuna mpunga, nilimjibu kwa kinywa changu mwenyewe: "Mama, mwaka huu tunakwenda Unguja kupumzika."

Akasema, "Haya, Mama Tumaini. Mpumzike."

Anayemjua mama mkwe wangu anajua hiyo "haya" ina uzito wa gunia.

Wiki mbili kabla ya safari, Baba Tumaini akanishangaza. Huyu ni mtu anayetengeneza pampu za maji Dodoma kutwa nzima, akirudi nyumbani anaongea maneno kumi, manne kati yake ni kuomba chai. Siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa. Alisema hataki bahari. Anataka Matema. Alikulia Bujonde, akiiona milima hii kila asubuhi akiwa kwenye majaruba ya mpunga, na mara zote alizowahi kufika ziwani alikuwa na mzigo kichwani. Sasa alitaka kukaa ufukweni kama mgeni, aletewe samaki mezani, asinyanyue kitu.

Ningekataaje? Alikuwa na uso wa mtoto aliyeomba kitu mara moja tu maishani.

Tulichotakiwa kufanya ni kumpigia mama na kumwambia mipango imebadilika. Hatukupiga. Nakiri, mimi ndiye niliyesema tusipige. Nyumbani kwao Bujonde hakuna kupita kusalimia. Ukifika, umefika. Kesho yake uko jarubani na mundu, keshokutwa uko msibani unapika kwenye masufuria makubwa, mtondo unapasua kakao. Nimefanya hivyo kila likizo ya shule tangu niolewe, mimi mwalimu wa jiografia kutoka Dodoma kwenye vumbi, na sinung'uniki. Nawapenda. Ila mwaka huu nilitaka wiki moja ya mume wangu. Moja tu.

Na kama jambo lingejulikana, nani angelaumiwa? Si mtoto wao. Mke ndiye huwa amemshika mume masikio. Miaka yangu yote ya kuvuna, kupasua na kupika ingefutwa na sentensi moja: amemkataza mtoto wetu asije nyumbani, na alikuwa pale pale jirani.

Basi Jumapili iliyopita tukashukia Tukuyu, tukapita njia ya Ipinda ili tusionekane Kyela mjini, mimi na miwani myeusi, yeye na kofia iliyomfika puani. Wezi wa kuku wana heshima kuliko sisi.

Lakini wiki yenyewe! Nisidanganye, imekuwa tamu. Asubuhi tunatembea ufukweni mpaka miguu ichoke. Mchana tunakula samaki aina ya mbasa wa kuchoma na wali wa hapa, ule ambao ukifunuliwa chungu, mtu wa chumba cha tatu anasikia harufu na kuuliza kuna nini. Mimi naogelea, yeye ananiangalia kutoka nchi kavu. Mwanamume wa Bujonde anajua mpunga na kakao. Maji, licha ya kazi yake, anayapenda yakiwa ndani ya bomba. Jumatatu alinishika mkono tukitembea. Hadharani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka, na nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka, mabega yakipanda juu. Nilikaribia kulia.

Tungemaliza wiki salama kama si mimi na tamaa yangu ya vyungu.

Sasa, kabla sijafika kwenye mtumbwi ulionipeleka kwenye vyungu, nieleze jambo moja kwa msomaji asiye wa huku. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkwe wa kike humkwepa baba wa mume wake. Si ugomvi, ni heshima. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani, hamsemezani. Akija njiani, wewe unatoka njia, unampa mgongo mpaka apite. Vijana wengi siku hizi wameacha, hata mashemeji zangu wanashangaa. Lakini baba mkwe wangu ni mtu wa mambo yake, na mimi nilikubali tangu nikiwa bibi harusi. Nimeshajificha kwenye mikakao yake mara zisizo na idadi. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki.

Naijua kofia yake ya kahawia kwa mbali. Nakijua kikohozi chake. Sura yake sijawahi kuitazama vizuri, na yangu yeye hajawahi.

Jambo lililokuwa likinikaa kooni miaka yote ni hili: sijui ananionaje. Mama mkwe akikasirika nasikia, akifurahi nasikia zaidi. Kwa mzee hakuna sauti. Neno lake moja tu ndilo lililowahi kunifikia, na nililetewa na wifi yangu mwaka ule wa harusi. Aliulizwa mkwe wake ni mtu wa wapi, akajibu, "Wa mbali." Basi. Nimeligeuza neno hilo upande huu na upande huu miaka kumi na tisa.

Jumatano asubuhi nikapanda mtumbwi kwenda Ikombe, kwenye kijiji cha wanawake wanaofinyanga vyungu kwa mikono. Baba Tumaini alikataa kabisa kupanda. Alisema atalinda mizigo. Mtumbwini tulikuwa watatu: mimi, mwenye mtumbwi, na mama mmoja mfinyanzi, Mama Neema, aliyekuwa anarudi kwao na unga. Tulikuwa tumeshasukumwa majini, magoti yangu yameshalowa, mtu akaita kutoka ufukweni tumsubiri. Kisha akakohoa.

Kikohozi kile nakijua.

Tukarudi kumchukua. Nilikuwa na kofia pana ya majani na miwani myeusi, mtalii kabisa. Kama ningebaki nimekaa vile vile na kuangalia milima, baba mkwe angepita, angekaa, tungefika Ikombe, na asingejua lolote mpaka anazikwa. Hajawahi kuniona, angenijuaje?

Lakini mwili una mazoea yake. Kabla akili haijasema kitu, nilikuwa nimeshavua kofia, nimejifunika kitenge kichwani, nimegeuka nikampa mgongo na kujikunja mbele ya mtumbwi kama furushi la nguo.

Nani mwingine duniani anafanya hivyo akimwona mzee akija?

Mkwe wake tu.

Nilisikia mtumbwi ukiyumba alipoingia, kisha ukatulia. Nikajua na yeye amegeuka, ametazama nyuma, tulikotoka. Kwenye njia ya Bujonde ningeingia kwenye mikakao. Ziwani unaingia wapi? Tukaenda hivyo, mimi nikiitazama Ikombe, yeye akiitazama Matema, na katikati yetu Mama Neema na unga wake.

Mwanzoni yeye na Mama Neema waliongea Kinyakyusa, mambo ya mvua na bei, naambulia neno moja moja. Halafu ikabaki sauti ya kasia tu. Nilikuwa natokwa jasho kwenye upepo wa ziwa. Nilijiona nimeshafika Bujonde, nimeitwa kikao, mama mkwe ameinamisha uso na wifi zangu wameinua zao.

Aliposema tena, alisema Kiswahili.

Mzee huyu haongei Kiswahili na watu wa ziwani. Hana sababu. Miye ndiye sababu. Hapo nikajua anajua.

"Mama," alimwambia Mama Neema, kwa sauti kubwa kuliko inayohitajika mtumbwini, "mimi nina mkwe. Mke wa kijana wangu wa kwanza. Wiki hii wako Unguja, wanapumzika."

"Unguja, tata?" Tata ni baba kwa Kinyakyusa. "Mbali huko."

"Mbali sana. Mke wangu amekasirika. Anasema mtu anakwendaje baharini wakati wa mavuno. Mimi nikamwambia, yule binti katoka kwao mbali, kaja kuvuna kwetu miaka kumi na tisa. Hajasema amechoka hata siku moja. Hata ng'ombe wa kulimia tunampumzisha."

Shajara, nimefananishwa na ng'ombe, na sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu.

Mama Neema si mjinga. Nilihisi ananiangalia, kisha anamwangalia mzee, kisha ameelewa, maana sauti yake ilianza kutetemeka kwa kicheko alichokibana. "Na wewe, tata, unakwenda Ikombe kufanya nini?"

"Mimi?" Akakohoa. "Jana nimekivunja chungu cha mama yao. Cha maharage. Nilikuwa natafuta tochi. Hajajua bado, nimevificha vipande kwenye mikakao. Nimemwambia nakwenda Kyela mjini kuulizia soko la kakao. Kwa hiyo mimi niko Kyela mjini, mama. Siko hapa. Na mkwe wangu yuko Unguja, hayuko hapa. Sasa watu wasiokuwepo wataonanaje?"

Mwenye mtumbwi aliacha kupiga kasia. Alikuwa amejishika mbavu.

Mimi nililia. Nilijiziba mdomo kwa kitenge na nikalia kimya kimya, mabega yakitikisika, na najua alidhani nacheka. Nilikuwa nafanya vyote viwili. Katoka kwao mbali. Kumbe lile neno lilikuwa hivyo. Miaka yote nililibeba kama lawama, na mzee alikuwa analihesabu upande wangu.

Ikombe nilisubiri ashuke kwanza na afike mbali ndipo na mimi nikashuka. Vyungu vilikuwa vimepangwa juani mbele ya nyumba, vyekundu, vizuri, vingine bado vina joto la moto wa kuchomea. Nikajitia kuangalia vya upande huu, yeye yuko upande ule. Nikamwona kwa jicho la pembeni amekiinua chungu.

Chungu chenyewe kilikuwa cha maji.

Akakiweka, akainua kingine. Kipana kama beseni. Alikipiga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa ujuzi mkubwa. Mzee wa watu hakuwa na habari hata kidogo. Ameyala maharage ya chungu kile miaka yote na hajawahi kukitazama.

Mimi nimekipika. Nakijua kuliko ninavyokijua chungu changu. Kina tumbo pana na mdomo mdogo, na mdomo huo lazima uchukue bakuli la bati la bluu ambalo mama mkwe hulitumia kama kifuniko, bakuli lenye pengo la rangi ukingoni. Mdomo ukizidi, mvuke unatoka na maharage hayaivi mpaka jioni. Shubiri moja na vidole viwili, nimelishika mara elfu.

Nikapima vyungu vya Mama Neema kwa shubiri, kimoja kimoja. Cha tano ndicho. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Mpelekee yule mzee. Mwambie ni hiki. Na kabla ya maharage wakichemshie uji mwepesi kwanza, kisije kikapasuka."

Akakipeleka. Sikugeuka, ila nilisikia sauti ya mzee, kubwa, ikielekezwa ziwani: "Ndaga fijo!"

Asante sana. Alimshukuru nani? Alilishukuru ziwa, kwa mujibu wa mila.

Alirudi na mtumbwi wa kwanza. Mimi nikarudi na wa mwisho, nikamsimulia Baba Tumaini mpaka mabega yake yakapanda masikioni. Kisha akaangalia maji. Akasema, "Baba hajawahi kuniambia mimi maneno mengi hivyo." Tulikaa hapo muda mrefu, ameushika mkono wangu kwa mara ya pili ndani ya wiki moja, na safari hii sikumuuliza kama anaumwa.

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku bora kuliko zote. Hofu ilikuwa imetoka. Tulikuwa na mtu wetu ndani ya nyumba ya Bujonde.

Mpaka leo asubuhi, saa tatu. Simu. Mama mkwe.

"Mama Tumaini, za Unguja?"

"Nzuri, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna joto?"

Nikasema lipo. Nilikuwa nimevaa sweta.

"Huku tunaendelea. Mpunga tumemaliza juzi. Baba yenu alinivunjia chungu, kavificha vipande kwenye mikakao, kuku wakavifukua mbele yangu. Akanunua kingine."

Nikasema pole, mama.

"Kizuri sana. Bakuli langu la bluu limekaa barabara, tena barabara kuliko kwenye cha zamani. Namuuliza nani kakuchagulia, anasema mama mmoja wa huko Ikombe. Sasa huyo mama wa Ikombe kalijuaje bakuli langu?"

Baba Tumaini alikuwa amekaa hapa hapa, sikio kwenye simu, na niliona shingo yake ikipungua kama ya kobe.

"Na kaniambia nikichemshie uji kwanza," mama akaendelea. "Mzee ambaye hajui hata kijiko kinakaa wapi. Mama Tumaini, uji huo nilikufundisha mimi."

Ni kweli. Alinifundisha yeye, mwaka ule wa kwanza, tumechuchumaa jikoni wawili, mimi sijui Kinyakyusa na yeye anarudia kila neno polepole.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Nilisubiri. Nilisubiri ile "haya" ya gunia.

"Unguja mnaondoka lini?" akauliza.

"Kesho, mama."

"Basi mkitoka Unguja mpitie hapa. Kazi zimekwisha, msije mkaja na mundu. Mje mle." Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwibia mtu siri: "Umepumzika lakini?"

Nikasema nimepumzika, mama.

"Afadhali," akasema, na akakata.

Kwa hiyo tumekamatwa. Mara ya kwanza nilijikamatisha kwa mgongo, mara ya pili kwa shubiri. Nimetambua leo kwamba siwezi kujificha mbele ya watu hawa hata nikivaa miwani ya rangi gani, kwa sababu kila kitu ninachokijua kuhusu nyumba yao kinanitaja jina. Nilidhani hilo lingenihuzunisha. Halijanihuzunisha hata kidogo.

Baba Tumaini ameamka. Anauliza naandika nini, namwambia naandika mambo ya Unguja. Chini ya kitanda kuna chungu kidogo nilichojinunulia mimi mwenyewe, nimekizungushia sweta lake.

Kesho nitamsikia mzee akikohoa njiani, na nitaingia kwenye mikakao kama kawaida na kumpa mgongo mpaka apite. Nina wasiwasi mmoja tu, mabega yangu yatatulia?

Saa mbili asubuhi tunaondoka Unguja. Saa nne na nusu, wakitoka kanisani, tutakuwa Bujonde.